Barua iliyotolewa kopi tisini

Umeme ulikatika saa nane mchana, mashine ya kukoboa ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndipo tulipoyasikia tena malori ya barabara kuu yakipita katikati ya Chimala kuelekea Mbeya na Tunduma. Vumbi la pumba likaanza kushuka taratibu, likatua kwenye nywele zetu, kwenye mizani, kwenye kanga ya Mama Mchele aliyekaa juu ya gunia kana kwamba ni kiti cha enzi. Mashine ni yake, baraza ni lake, na aliyeleta mpunga wake hana pa kwenda mpaka umeme urudi.

Barazani walikuwa watano, nami wa sita. Majina nayaacha, tuwaite kwa shughuli zao. Mwalimu amestaafu baada ya kufundisha Kiswahili sekondari kwa miaka thelathini na ushei. Muuguzi alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, anasubiri mchele wake akalale. Mzee wa Reli aliingia TAZARA wakati reli ingali changa. Na Binti ni mpwa wangu, yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja Mbeya, amekuja likizo. Alikuwa na kaunta buku mapajani. Anaandika riwaya. Mama Mchele alipoona anaificha ubavuni, alimwambia, "Soma, mwanangu. Umeme hauna haraka."

Akasoma sura ya kwanza. Kijana wa hapa Chimala anapata chuo. Mama yake anampa madebe mawili ya mchele auze kidogo kidogo mpaka boom litoke, yaani ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo. Mchele wenyewe ni saro ya Mbarali, lakini yeye anawaambia wateja wake wa bwenini kwamba ni supa ya Kyela. Darasani kuna msichana wa Matamba, kule juu Makete, ambaye kila chuo kikifunguliwa huzishuka zile kona hamsini na saba ndani ya lori la viazi, na kiroba chake miguuni. Kijana anampenda, ila ulimi hana. Anaandika barua ya ukurasa mmoja, anaichomeka katikati ya desa la takwimu, yaani notisi za somo, ili amwazime. Kabla hajamfikia, mwakilishi wa darasa analinyakua lile desa na kukimbia nalo steshenari. Kopi tisini. Jioni hiyo darasa zima lina desa la kurasa kumi na mbili, na ukurasa wa saba ni wa mapenzi. Barua haina jina. Inaanza, "Wewe unayekaa safu ya pili karibu na dirisha," na kiti hicho kwa wiki hukaliwa na watu wanne, mmoja wao mvulana. Kesho yake mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono kumwuliza mhadhiri kama ukurasa wa saba utatoka kwenye mtihani.

Mzee wa Reli alicheka mpaka akashika ubavu. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta pumba kwa ncha ya shati, na mjadala ukaanzia hapo.

MWALIMU: Binti yangu, sentensi zako zimenyooka, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni huu. Umeshika kalamu, umeshika lugha ya Shaaban Robert na Kezilahabi, halafu unatuambia kijana kampenda jirani yake wa darasani? Kezilahabi alikuwa mwanachuo kama wewe alipoiandika Rosa Mistika. Ikatoka 1971. Angeweza kutuandikia vichekesho vya bwenini. Hakuandika. Alimwandika msichana anayeharibikiwa, na nchi ikashtuka, hadi kitabu kikakatazwa mashuleni kwa muda. Kitabu kikikatazwa ujue kimemgusa mtu mahali. Hiki chako nani atakikataza?

BINTI: Rosa nimemsoma mara tatu, Mwalimu, na mara zote nimelia. Lakini naomba tuanzie anapoanzia mwenyewe. Mvulana anamwandikia barua. Barua tu. Inamfikia baba yake, Zakaria, na anachojua kufanya ni kumpiga mtoto. Tangu siku hiyo Rosa anafundishwa kuogopa wanaume, si kuwajua. Akiwa masomoni, mbali na mkono wa baba, hofu inamtoka na hana kingine cha kumshika. Mwisho anajiua. Mimi nimeichukua ile barua. Nimejiuliza ingekuwaje kama ingeangukia mikononi mwa watu wanaojua kucheka.

MWALIMU: Wangecheka, naye angeharibikiwa vilevile.

BINTI: Pengine. Lakini hebu tuwahesabu, Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kuhesabu wahusika. Rosa, amekufa. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi wa chuo kikuu, amejiua. Kilio Chetu, vijana wamepata Ukimwi. Ngoswe si mwanafunzi, ni mtumishi, lakini naye kapenda tu, karatasi za sensa zikateketea, na mtungaji akatuwekea hukumu kwenye jalada kabisa: Penzi Kitovu cha Uzembe. Mimi nimesoma fasihi kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, na katika vitabu tulivyopangiwa sikukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyependa, akaamka kesho yake, akaenda darasani.

Hapo palikuwa na kimya. Nilimtazama Mwalimu. Ngoswe ya Edwin Semzaba aliifundisha miaka mingi, mimi mwenyewe nilikuwa dawati la nyuma, na nakumbuka kitu ambacho mpwa wangu hawezi kukumbuka: darasa lilikuwa linacheka. Ngoswe anapoanza kumsahau mzee wa nyumba anayetakiwa kumhesabu, akawa anamhesabia binti tabasamu, sisi tulikuwa tunagonga madawati. Semzaba alikuwa na kipaji hicho. Kicheko kilikuwemo ndani ya kitabu. Kwenye karatasi ya mtihani ndiko kilikokuwa hakina alama. Tuliulizwa dhamira, ujumbe na falsafa, tukajibu, na tukatoka darasani tukiamini kwamba kilichotuchekesha kilikuwa sukari ya kumezea kidonge.

Ndiyo maana niko upande wa Binti tangu mwanzo, na sitaki msomaji anidhanie kuwa mwamuzi. Naamini nchi inayowapeleka vijana wake chuoni kwa maelfu kila mwaka, kisha ikawaandikia mapenzi kama taarifa za msiba, imewaacha peke yao. Lakini Mwalimu hakuwa na hoja moja tu.

MWALIMU: Haya, sikatai kicheko. Sungura alichekesha, Abunuwasi alichekesha. Lakini tazama alikuwa anamcheka nani. Abunuwasi anamcheka mfalme. Kicheko kinachopanda juu ni fasihi. Hiki chako kinazunguka bwenini. Na chuoni kwenyewe kuna mambo ambayo hayachekeshi. Kuna mhadhiri anayemwambia binti wa watu kwamba mtihani wake wa marudio unamalizikia hotelini. Sheria ya rushwa ya 2007 imelitaja hilo waziwazi kifungu cha 25, tena ni kosa la jinai. Sheria haitungwi kwa jambo lisilokuwepo. Sasa wewe unaleta maua na barua. Si utakuwa unapaka rangi ukuta wenye nyufa?

Hii ndiyo hoja iliyomnyamazisha Binti kwa muda mrefu kuliko zote. Alifunua kaunta buku, akafunga. Aliyejibu alikuwa Muuguzi, na hakujibu alivyotarajiwa.

MUUGUZI: Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu, nasema kweli. Nimeogopa kicheko. Usiku analetwa msichana, anashikiliwa na rafiki yake. Namwuliza amefanyaje, rafiki anasema ameanguka. Namwuliza yeye mwenyewe, anaangalia ukuta. Damu inatoka na watu wawili wazima wananidanganya kwa sababu ya aibu. Nikitoka zamu kama hiyo, mtu akiniambia mapenzi ya chuo ni kichekesho, nataka kumpiga kofi. Lakini nilipokuwa namsikiliza huyu mtoto akisoma, nikafikiria yule msichana. Mimi siwezi kumsaidia mpaka aseme. Dawa ninayo kabatini, neno analo yeye. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye habari za mvulana isipokuwa kwa fimbo au kwa Ukimwi. Mwalimu, ile Kilio Chetu uliifundisha wewe. Watoto wale walikuwa wanalia nini?

MWALIMU: Kwamba wazazi hawakuwaambia.

MUUGUZI: Basi.

MAMA MCHELE: Mimi nitawaambiaje wanangu? Nikianza tu, natafuta mahali pa kuweka macho.

MZEE WA RELI: Ndiyo maana haikuwa kazi yako. Ilikuwa kazi ya bibi. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Bibi yangu aliniita "mume wangu" tangu sijaota meno ya pili. Nikija na rafiki wa kike, anasema, "Umeniletea mke mwenzangu? Huyu hajui kupika ndizi, mrudishe!" Tunacheka, yule msichana anacheka, na katika kucheka huko bibi ameshamkagua, ameshaniambia anampenda au hampendi, na ameshanionya. Nani aliyetukana? Hakuna. Utani ndio uliobeba maneno ambayo baba hawezi kuyabeba.

Akaendelea, na hapa nataka kukaa naye kidogo, kwa sababu alichosema sijakisikia kwenye mjadala wowote wa fasihi. Alisema hosteli si jambo geni kwao. Zamani, wavulana wa Kinyakyusa wakifika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao wakajijengea kijiji chao, marika watupu, vibanda vyao vya matete. Walirudi nyumbani kula na kulima, lakini kulala na kuzungumza ilikuwa kwao. Mama mtafiti, Monica Wilson, aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka 1951. Mzee hakukitaja kitabu hicho, yeye alilitaja neno: *ukwangala*. Kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kutaniana, kula na wenzako. Kwa wazee wake huo haukuwa upuuzi wa vijana. Ulikuwa ndiyo adabu yenyewe, na asiyejua kukwangala alionekana mtu wa hatari, mchawi labda.

Chuo basi ni kijiji cha rika kilichorudi kwa sura ya zege. Na kitabu cha Binti, kama atakiandika vizuri, ni kitabu cha ukwangala. Nilimwambia hivyo palepale, akaandika lile neno pembeni mwa ukurasa.

MWALIMU: Vizuri. Lakini Mzee, vijiji hivyo vilikuwa na wazee juu yake. Na bibi alikuwa na meno. Riwaya ya kuchekesha ina meno?

BINTI: Nitakujibu kwa kitabu cha Mwalimu mwenzako. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili ni Mabepari wa Venisi, 1969. Jina la Kiingereza linasema mfanyabiashara. Yeye akaweka mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ukilisoma jina hilo unadhani ni kitabu cha siasa. Ukifungua ndani, ni nini? Kijana Bassanio hana kitu, anataka kwenda kuchumbia, anakopa. Mwalimu, huyo si mwanachuo wa boom? Rafiki yake anamdhamini kwa ratili ya nyama ya mwili wake. Kuna makasha matatu, dhahabu, fedha na risasi, mchumba lazima achague. Kuna pete, kuna kusingiziana pete. Na anayewaokoa wote ni msichana, Portia, aliyevaa joho la mwanasheria. Hicho ni kichekesho cha mapenzi, na ndani yake kuna kisu kinanolewa mahakamani. Rais wa nchi, mwenye vita vya ukombozi na vijiji vya ujamaa mezani, alitafuta muda akaitafsiri. Hakuona ni upuuzi.

MZEE WA RELI: (anajipiga kofi gotini) Mtoto huyu!

MWALIMU: Nakubali kisu kimo. Lakini hujanijibu kuhusu yule mhadhiri.

Hapo niliingia mimi, kwa sababu naona waandishi vijana wanateleza hasa hapo. Nilimwambia mpwa wangu kwamba yule mhadhiri anayedai mwili, akimwingiza, asimfanye kikaragosi. Asimpe kitambi na lafudhi ya kuchekesha ili tumsamehe kabla hatujamwogopa. Shakespeare mwenyewe aliponzwa na jambo hilo kwa upande mwingine: wapenzi wake wanashinda, wanacheza na pete zao kwenye mwanga wa mwezi, na Shylock, yule mkopeshaji, ameshatoka jukwaani mgonjwa, amenyang'anywa mali na dini. Watu wamesumbuka na kicheko hicho kwa karne nne. Kicheko kina upande, na msomaji huuona. Nikamwambia: acha wasichana wa safu ya pili wamtege mhadhiri huyo, wamrekodi, wamfikishe panapohusika, na wakirudi bwenini wacheke usiku kucha mpaka walie. Kicheko cha mtu aliyeokoka si sawa na cha mtu asiyejua.

BINTI: Hilo limo sura ya saba, mjomba. Sikutaka kusema. Desa linatumika tena.

MAMA MCHELE: Usiruke! Usituambie ya saba, bado tuko ya kwanza.

Kuhusu lugha tulibishana zaidi ya nilivyotegemea. Mwalimu alikuwa ameorodhesha kichwani maneno yaliyomkera: boom, sapu, kudisko, desa, kupiga msuli, geto. Akauliza kama hicho ni Kiswahili au ni magendo. Binti akamwuliza kwa upole aandike kwa Kiswahili chake kwamba mtu amepiga msuli wiki nzima kwenye kimbweta, akapata sapu mbili, ameponea chupuchupu kudisko. Mwalimu akajaribu. Alisema, "Amesoma kwa bidii kwenye kile kiti cha saruji cha nje, akalazimika kurudia mitihani miwili, nusura aachishwe chuo." Akasita. Nilimwona akiisikiliza sentensi yake mwenyewe, mtaalamu anayepima kazi ya mkono wake, akatikisa kichwa.

MWALIMU: Imekufa.

BINTI: Haijafa, Mwalimu, ila haiishi hosteli.

MWALIMU: Basi sikiliza. Maneno hayo yatumie wakizungumza wahusika. Wewe msimulizi ukisimulia, usimulie kwa Kiswahili kitakachosomwa na mtu ambaye hajazaliwa. Leo boom, kesho wataliita jina jingine. Sentensi yenye ukurasa wa saba kwenye mtihani haina hata neno moja la mtaani, na hiyo ndiyo iliyomvunja Mzee mbavu. Umeona?

Nadhani huo ndio ushauri bora alioupata mpwa wangu siku hiyo, na ulitoka kwa mpinzani wake. Kuandika wepesi ni kazi nzito kwa sababu hiyohiyo. Mwandishi wa msiba akikosea sentensi, huzuni ya kisa inaweza kumbeba. Wa kichekesho hana wa kumbeba. Neno likikaa nyuma ya mahali pake kwa silabi mbili, hakuna anayecheka.

MZEE WA RELI: Mimi nawaulizeni kitu kingine. Tulikuwa tunasoma Willy Gamba wa Elvis Musiba ndani ya behewa, kitabu kimoja kinapita mikono ishirini kati ya Makambako na Mbeya, kinarudi hakina jalada. Kufa na Kupona hakuna mwalimu aliyetuamrisha. Vitabu vile vimekwenda wapi?

Nilimjibu ninavyojua. Riwaya za mapenzi na upelelezi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na wasomaji wa stendi na wa behewani, baadaye hadithi zikahamia magazetini, sehemu kwa sehemu, "itaendelea wiki ijayo", na Eric Shigongo akajenga jina humo kabla hajawa mbunge. Sasa zimehamia kwenye simu. Mchapishaji wa vitabu anategemea kitabu cha kiada na cha ziada, anasubiri orodha ya shule, kwa hiyo mwandishi naye anaandika akiisubiri orodha hiyohiyo. Mtu anayeandika ili apangiwe shuleni ataogopa mpenzi anayefurahi. Ataona ni salama zaidi kumzika. Tangu 2023 tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya ina nafasi yake humo. Ningependa siku moja nisikie imekwenda kwa kitabu kilichomfanya jaji afunge mlango ili asisikike akicheka.

MAMA MCHELE: Sasa mimi ni mfanyabiashara, niulize cha biashara. Saro inajaza ghala, supa inanukia. Shamba moja, maji yaleyale ya Usangu. Mkulima anapanda saro kwa sababu ekari inamlipa, halafu mjini wanauza kwa jina la Kyela. Kitabu chako kipi? Kitajaza ghala au kitanukia?

BINTI: Nataka kinukie, Mama.

MAMA MCHELE: Basi usikipe jina la Kyela. Sema ni cha Chimala. Andika lile vumbi, andika lori la viazi linavyoteremka kona huku tingo anapiga kelele. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, vitabu vyote nilivyosoma vya mapenzi watu wanakwenda ufukweni. Mimi ufukwe sijauona. Mapenzi yangu yalianzia kwenye foleni ya kukoboa.

Muuguzi, ambaye tulidhani amesinzia, alifumbua macho. Alisema aliwahi kuazimwa kitabu cha Kiingereza cha Jane Austen, kilichotoka 1813, na anachokumbuka ni mama mmoja mwenye mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na kila mwanaume mwenye mali akihamia jirani, mama huyo anaugua mishipa ya fahamu. "Huyo mama namjua," alisema Mama Mchele, "anakaa nyuma ya soko." Na ni kweli kwamba vicheko vyote vya kitabu kile vimesimama juu ya jambo zito: nyumba ina mrithi mwingine, baba akifa wasichana wale hawana paa. Mwandishi hakulificha. Alilitaja mapema, kisha akaacha watu wacheze dansi juu yake.

Mwalimu aliomba kaunta buku. Akaisoma ile barua ya ukurasa wa saba, kimya, mara mbili, kidole kikifuata mistari. Sote tulimtazama. Nilidhani atapiga mstari mwekundu, maana hata akiwa mstaafu hutembea na kalamu mfukoni.

MWALIMU: Umemfanya aandike kwamba akimwona ameinama kuandika, anasahau njia ya kukokotoa wastani. Hapo hapatoshi. Kijana huyu ni wa mpunga. Kijana wa mpunga akimpenda mtu hatamfikiria kwa wastani. Atafikiria maji. Siku ya kufungulia maji mferejini, yanavyoingia jaruba la kwanza, la pili, na wewe umesimama mwisho kabisa unasubiri yakufikie. Mimi niliandika hivyo mwaka 1979.

MZEE WA RELI: Kwa nani?

Mwalimu hakumjibu. Alirudisha kaunta buku, akavaa miwani. Binti alikuwa ameshaanza kuandika.

Taa iliyoning'inia juu ya mizani iliwaka ghafla. Mwendesha mashine akaruka kutoka kwenye magunia, Muuguzi akasimama kutafuta kiroba chake, watu waliokuwa wamejilaza kwenye kivuli cha mwembe wakaanza kugombea foleni. Mama Mchele alifika kwenye swichi, akaweka mkono juu yake, asiibonyeze. Aligeuka.

MAMA MCHELE: Mwanangu, kabla sijawasha. Yule msichana wa Matamba siku akila wali wa mchele ule, atagundua ni saro, au hatagundua?

MWALIMU: Usimwambie!